Chapati ya euro mbili

Juzi nimeuza chapati bila kukusudia.

Nilikuwa natoka Göttingen kwenda Hamburg, treni ikakwama porini kabla ya Uelzen, saa nzima na ushee. Mkabala nami, kimeza katikati yetu, alikaa mama mmoja wa makamo. Akafungua kikopo chake: mkate mweusi, karoti zilizokatwa vijitivijiti, na yai la kuchemsha. Akalimenya pale pale chini ya pua yangu, taratibu, akalinyunyizia chumvi kutoka kwenye kikaratasi, akalimaliza. Hakusema neno.

Mtu wa Korogwe ukiona yai linamenywa safarini na hujasikia "karibu", lazima moyo uchomwe. Yai lenyewe sikulitaka. Nilitaka nikaribishwe ili niseme "starehe mama", basi, yaishe, kila mtu aendelee na dirisha lake. Hapa wana lao la mezani, "Guten Appetit", na ni la adabu, silikatai. Lakini lisikilize vizuri: anakutakia ule vizuri chako. Karibu inasema sogea tule changu. Anayedhani ni salamu moja kwa lugha mbili ajaribu kuishi kwa kila moja mwezi mmoja.

Nikaona nimwoneshe. Nilikuwa na chapati nne kwenye karatasi ya foili, za usiku wa jana, nikazifungua, nikamsogezea kwa Kijerumani changu cha kuunga. Akasema hapana, asante. Nikarudia. Hapana, asante sana. Mara ya tatu akachukua kipande, maana hata kwao inaonekana mara ya tatu ina nguvu zake. Akala, akauliza ni unga gani, akauliza mbona ina matabaka, akachukua nusu nyingine. Mimi hapo nimeshavimba kichwa, natafuta jinsi ya kumweleza kukunja na kusukuma. Akafuta vidole, akafungua pochi, akaweka euro mbili mezani.

Nikazirudisha. Akazisogeza tena. Nikazirudisha. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba umetumia unga wako na mafuta yako. Hakukuwa na dharau usoni mwake, ndiyo maana sikukasirika kama nilivyotaka. Alikuwa na wasiwasi. Mimi nilimpa chapati, yeye alipokea deni.

Najua mnachotaka kusema. "Umeanza. Miaka miwili tu Ulaya, ushaanza kutuletea habari za treni na mama wa Kizungu." Wapendwa, naishi kwa euro 992 kwa mwezi, zimefungiwa kwenye akaunti ya viza zinatoka kwa kipimo kama dozi, kodi ya chumba ikishatoka humo hakuna cha kuringia. Ugali nasonga kwa polenta ya Waitaliano, wa njano. Bibi yangu angeuona angeuita yanga, ule unga wa mahindi ya njano, akakumbuka miaka ya foleni. Sijaja kuringa. Nimekuja kushitaki, ila sijaamua nani.

Maana jikoni kwetu hosteli tuko wanane, friji moja, na kila shelfu ina jina. Maziwa yana jina. Nusu kitunguu kimefungwa kwa plastiki, kina jina! Mkienda kula mgahawani, wiki ya kwanza, mhudumu anakuja na swali, "zusammen oder getrennt?", pamoja au mbalimbali, na meza nzima inajibu mbalimbali kabla hajamaliza. Mtu anahesabu mpaka senti, kisha anakukumbatia kwa furaha ya kweli na kusema tumekuwa na jioni nzuri. Nililala na hasira siku ile.

Sasa niseme na lile ambalo sitawaambia nyumbani kwa simu: nimelipenda hili la kila mtu na chake. Waliosoma Morogoro wanajua maana ya kuunga maharage na nazi tarehe 25. Harufu inavuka kuta, wanaingia wa chumba cha pili, wa chumba cha nne, na yule asiyejulikana hata anasoma kozi gani, kila mmoja anaonja tu, na kijiko anacho mfukoni. Unabaki na mchuzi. Huwezi kusema, ukisema wewe ni mchoyo mpaka mahafali. Hapa napika maharage yangu Jumapili, nayala mpaka Jumatano, hakuna anayeniangalia. Kuna usingizi fulani unaotokana na kujua sufuria yako iko kama ulivyoiacha.

Na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza. Desemba nilirudi likizo, tukakaa mahali tukaagiza nyama choma. Tulianza watano. Bili inakuja tuko kumi na moja, wanne siwajui, na ile bili mhudumu hakumpa aliyeagiza, aliizungusha meza nzima akaiweka mbele yangu. Mkono ukiwa njiani kwenda mfukoni, mdomo ukaniponyoka: "Si kila mmoja alipe chake?" Kimya. Mjomba akatafuna, akameza, akasema, "Wamekufundisha vizuri huko." Nililipa yote, na soda za watoto wa jirani juu. Lakini mpaka leo sijui alichonikasirikia ni pesa au ni lile neno.

Wapo watakaosema karibu yetu yenyewe ni ya mdomo tu. Kweli. Ukikaribishwa ukakaa kweli, mwenyeji anashtuka. Na kwenye basi ndiyo kabisa, tumeonywa kutopokea kitu kwa abiria tusiyemjua, maana wapo waliopewa biskuti Chalinze wakaja kuamka Mbezi Luis bila simu wala viatu. Nayajua. Lakini hata yule mwizi alitumia karibu kwa sababu alijua tunaiamini. Hapa biashara hiyo isingemlipa.

Kilichonisumbua zaidi ni kingine. Likizo hiyo hiyo nilipanda treni ya umeme, Dar mpaka Morogoro, haijafika saa mbili. Safi, kimya, siti kwa namba. Nilijivuna kama nimeijenga mimi. Jirani yangu, kijana wa kwetu kabisa, akafungua hotpoti yake, pilau, akala akiwa na visikilizio masikioni mpaka punje ya mwisho. Hakusema karibu! Nilidhani niko Hannover. Nikaangalia dirisha: halifunguki. Hakuna mahindi yanayoinuliwa kwa kijiti, hakuna machungwa ya Segera, hakuna mayai na kachumbari yake, hakuna konda anayetangaza dakika kumi za kuchimba dawa. Labda ile karibu ilikuwa inaingilia dirishani pamoja na mahindi. Muuzaji anakimbia, huna chenji, jirani anakutolea, unamnunulia na yeye, mmeshakuwa ndugu mpaka Wami.

Msiniambie basi ndiyo bora. Treni ya huku ikichelewa saa nzima unarudishiwa robo ya nauli. Basi letu likigoma kupanda kilima unarudishiwa nini? Unasukuma. Na msiniambie Ulaya yote ni Ujerumani, nimeshafika Napoli, huko mtu analipia kahawa mbili anakunywa moja, ya pili inamsubiri yeyote asiyekuwa nacho. Wanaiita caffè sospeso. Nilikaa kwenye kibaraza kile nikitamani kumpigia mjomba.

Kinachoniudhi kwa Wajerumani ni kwamba walikaa kwetu. Reli ya Tanga waliyoanza kuijenga 1893 inapita Korogwe. Walituachia neno shule, na hela yetu ni Heller yao ya mwaka 1904. Miaka yote ile ya kupita kwenye majamvi yetu, neno walilobeba kwenda nalo kwao likawa safari, si karibu.

Treni ikaondoka. Yule mama hakugusa tena sarafu wala mimi sikuigusa, ikawa inatetemeka mezani kati yetu mpaka Hamburg. Akashuka kwanza, akanipungia mkono vizuri tu, ameiacha pale pale kwenye foili. Nikaichukua, ningefanyaje, nimwachie mfagiaji chapati yangu?

Kituoni haja ikanibana. Nikashuka ngazi kwenda msalani, nikakuta mashine mlangoni inataka euro moja. Nikakumbuka vichaka vya Mkata, upepo wa bure, konda anapiga honi. Nikatumbukiza ile sarafu ya mama, mashine ikanirudishia chenji.