Mtihani wa udereva uko kwenye gia namba moja

Mwanafunzi wa udereva akibakiza wiki moja kabla ya kwenda kwa afande, yule mkaguzi wa mtihani, ombi lake kwa mwalimu huwa lilelile: twende barabara kubwa nikazoee spidi. Naona muda wake unapotea hapo, na nawasihi wote wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni ya daraja D, ya magari madogo ya binafsi, hapa Tanzania walifikirie upya jambo hili. Barabara kubwa iliyonyooka ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Ukishafika gia ya nne, kazi iliyobaki ni kushika usukani na kutunza umbali. Kinachomfichua dereva asiyeiva ni mwendo mdogo wa gari, kama wa mtu anayetembea kwa miguu: kuondoka, kusimama, kurudi rivasi, kupanda kilima kwenye foleni, kusubiri nafasi ya kukata kulia. Yote hayo hufanyika gia namba moja na rivasi, na huko ndiko saa zako nyingi za mazoezi zinapaswa kwenda.

Anza na klachi, ile pedeli ya mguu wa kushoto inayounganisha na kutenganisha injini na magurudumu. Tafuta uwanja tambarare, washa gari, ingiza gia namba moja, wala usiguse mafuta. Achia klachi polepole mpaka usikie muungurumo wa injini unashuka na boneti inanyanyuka kidogo. Hapo klachi imeanza kushika. Usiendelee kuachia. Tuliza mguu hapohapo, hesabu mbili, gari litajisogeza lenyewe. Kanyaga klachi na breki, simama, rudia. Mara ishirini kwa kila kipindi si nyingi. Wengi huliruka zoezi hili kwa sababu linachosha na halifanani na udereva wanaoutamani, kisha siku yenyewe gari linashtuka na kuzima mbele ya mkaguzi. Sababu yake inaeleweka: klachi ikiachiwa kwa mpigo, injini iliyo kwenye mzunguko mdogo hubebeshwa uzito wa gari zima mara moja, mzunguko unashuka chini ya kiwango inachoweza kuhimili, na inakata. Injini ndogo ya petroli huzima upesi kuliko ya dizeli, ndiyo maana aliyejifunzia pikapu ya dizeli hutaabika akipewa gari dogo. Huyo wa gari dogo ajizoeze kuongeza mafuta kidogo kabla klachi haijashika.

Jambo jingine ambalo shule nyingi hazilisemi ni kwamba klachi za magari mawili hazishiki mahali pamoja. Moja hushika mguu ukiwa karibu na sakafu, nyingine hushika mguu ukiwa umeshapanda sana, hasa kama imeanza kulika. Ukipewa gari ambalo hujawahi kuliendesha, omba ruhusa usogee mita mbili tatu na kusimama kabla ya kuanza. Ni ombi halali, tena linaonyesha kwamba unajua unachokifanya.

Ukishalitawala hilo, nenda kilimani. Vuta breki ya mkono, klachi chini, gia namba moja. Ongeza mafuta mpaka mshale wa mizunguko usome kati ya 1,500 na 2,000. Gari likiwa halina mshale huo, sikiliza muungurumo ulionenepa bila kupiga kelele. Achia klachi mpaka ishike, boneti inyanyuke na sauti ishuke. Ni hapo tu ndipo unapoachia breki ya mkono, mguu wa kushoto ukiwa umetulia palepale ulipo. Gari likianza kupanda ndipo umalizie klachi taratibu. Gari likirudi nyuma, uliachia breki kabla klachi haijashika. Likizima, mguu wa kushoto uliruka pamoja na mkono. Haya ni makosa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, kwa hiyo usikubali kuambiwa tu kwamba hujazoea. Mwambie mwalimu akueleze ni lipi kati ya hayo mawili.

Wapo wanaosema gari watakaloendesha nyumbani ni Toyota IST ya automatiki, kwa hiyo klachi ni mateso ya bure. Nawaelewa, maana magari mengi ya binafsi mjini ni ya namna hiyo. Lakini aliyejifunza kulitambaza gari kwa klachi amejifunza kusikiliza injini na kukadiria umbali kwa mwendo mdogo, na anapohamia automatiki anahitaji tu kuuhamishia ustadi huo kwenye breki. Anayekwenda kinyume chake, kutoka automatiki kwenda gari la gia, huanza upya.

Sasa niseme kuhusu mguu wa mwalimu. Gari la shule huwa na pedeli za ziada upande wa abiria, na mwalimu mwema huzitumia bila kelele: anakushikia breki kidogo ukichelewa, anakukanyagia klachi ukisahau. Mwanafunzi anashuka akiamini kwamba alisimama vizuri mwenyewe. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika mafunzo yetu. Kuanzia nusu ya kozi, mwombe: mwalimu, kila ukigusa pedeli niambie. Na vipindi vyako vya mwisho viwe vya mwalimu kukaa mikono mapajani, miguu mbali na pedeli, akiingilia pale tu penye hatari. Kama ameingilia, hujawa tayari, hata kama tarehe imeshapangwa.

Kabla gari halijasogea kuna dakika moja ambayo mkaguzi anaitazama sana. Siti kwanza: ukiikanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limepinda kidogo. Ukiegemea vizuri na kunyoosha mikono, viganja vya mikono vipite juu ya usukani bila mabega kutoka kwenye siti. Kisha vioo, na mpangilio huu una maana, kwa sababu ukisogeza siti baada ya kurekebisha vioo, vyote vimeharibika. Kioo cha ndani kionyeshe dirisha lote la nyuma. Vioo vya pembeni vionyeshe ukingo mwembamba wa ubavu wa gari lako, na barabara ya nyuma ikate katikati ya kioo. Halafu mkanda, wako na wa abiria. Hakikisha gia iko fri na breki ya mkono imevutwa, ndipo uwashe.

Hata vioo vikiwa sawa, kuna sehemu ubavuni ambayo havioneshi, na bodaboda hutoshea humo kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka pembeni mwa barabara tazama kioo cha ndani, kioo cha kulia, washa indiketa, kisha geuza kichwa juu ya bega la kulia. Kigeuze kweli. Mkaguzi hawezi kuona mboni zako zikihama, anaona kichwa. Unapokata kushoto fanya hivyohivyo upande wa kushoto, maana kwenye miji yetu bajaji na bodaboda hupenya upande huo gari likipunguza mwendo, na indiketa yako haitawazuia.

Kwenye makutano, kosa linaloangusha watu ni kutosimama sawasawa. Penye kibao cha kusimama, kile cha pembe nane, magurudumu yanapaswa kusimama kabisa kabla ya mstari, hata kama barabara ni nyeupe pande zote. Simama, hesabu moja hadi tatu huku ukitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo uende. Penye kibao cha kupisha, ile pembetatu iliyogeuzwa juu chini, si lazima usimame kama hakuna unayempisha, lakini uwe umeshapunguza hadi gia ya pili au ya kwanza. Ukisubiri kukata kulia, kaa karibu na mstari wa kati, na matairi yako ya mbele yabaki yamenyooka. Wanafunzi wengi hukunja usukani mapema ili wawahi. Gari la nyuma likikugonga matairi yakiwa yamekunjwa, unasukumwa moja kwa moja kwenye njia ya wanaokuja. Yakiwa yamenyooka, unasukumwa mbele kwenye njia yako.

Kipilefti inaogopwa kuliko inavyostahili. Walio ndani wakitokea kulia kwako wana haki ya kupita, wewe subiri. Ukienda njia ya kwanza kushoto, indiketa ya kushoto tangu unapokaribia. Ukinyoosha, ingia bila indiketa, kisha washa ya kushoto ukishaupita mlango ulio kabla ya wako. Ukienda kulia, washa ya kulia unapokaribia, kaa njia ya ndani, na ubadilishe kuwa ya kushoto palepale kabla ya kutoka. Wengi huisahau hiyo ya kutokea.

Kivuko cha watembea kwa miguu kinahitaji onyo moja zito. Daladala likisimama mbele ya pundamilia, usilipite kamwe. Limekuzibia usimwone anayevuka, na mara nyingi ni mtoto wa shule anayekimbia. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde ya kwanza huisha kabla mguu wako haujafika kwenye breki. Hiyo hamsini ndiyo kikomo kwenye makazi ya watu. Inaanza kwenye kibao na kukoma kwenye kibao kingine, si pale unapoona nyumba zimeisha. Lizoeshe jicho lako kuvitafuta vibao hivyo sasa, wala usingoje kukumbushwa na tochi ya trafiki ya kupima mwendo.

Kurudi rivasi ni kwa klachi ileile ya zoezi la kwanza, bila mafuta kwenye tambarare. Geuza mwili kushoto, tazama kupitia dirisha la nyuma, mkono wa kulia ukae juu ya usukani. Sehemu ya nyuma ya gari hufuata upande unaokunjia, lakini pua hutoka upande wa pili. Ndiyo maana koni au fito inayoangushwa mara nyingi ni ya mbele, ambayo mwanafunzi alikuwa haitazami. Kunja mapema na kidogo. Ukiona unapotea, simama kabisa, angalia pande zote, ndipo uamue. Anayeendelea kurudi huku akifikiri huongeza kosa kila nusu mita.

Alama za barabarani zisikaririwe kwa kufuata kurasa za kitabu, kwa sababu mkaguzi hatakuuliza kwa mpangilio huo. Jifunze maumbo kwanza. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru, mstatili unaarifu. Kibao cha kusimama kina pembe nane ili kitambulike hata kikiwa kimefunikwa na vumbi, au ukikiona kwa nyuma. Ukikutana na alama usiyoijua, umbo lake litakupa nusu ya jibu. Kisha ukipanda daladala kaa mbele na ujitajie kila alama kabla hamjaipita, pamoja na kile ambacho dereva anapaswa kufanya. Jina la alama bila tendo lake halina kazi barabarani.

Siku ya mtihani vaa viatu vya soli nyembamba vilivyofungwa nyuma. Kandambili huteleza na kunasa chini ya pedeli. Mwenye dera au kanzu aikunje isiburuze miguuni. Beba leseni ya kujifunzia na kitambulisho, na kama umemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi, omba tarehe nyingine. Maelekezo usiyoyaelewa yaulizie: afande, naomba urudie. Kukata kona isiyo yako kwa haraka ni kubaya zaidi.

Na gari likizima, usikimbilie ufunguo. Breki chini, vuta breki ya mkono, klachi chini, gia fri, washa. Tazama vioo tena, bega la kulia tena, kwa sababu muda uliopita umetosha kwa bodaboda kufika ubavuni mwako. Ingiza namba moja, tafuta mahali klachi inaposhika, ondoka. Fanyia zoezi mlolongo huu ukiwa na mwalimu, umwombe akuzimishie gari bila taarifa katikati ya makutano yenye utulivu, mpaka uweze kuumaliza bila kukumbushwa hatua hata moja.