Mwanza Hufagiwa Vizuri, Tatizo Liko Kwenye Ghuba la Taka

Ninaishi Tübingen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani wenye watu wapatao 90,000, na kila nikija nyumbani Mwanza ndugu huniuliza kama Wajerumani ni wasafi kuliko sisi. Sikubaliani na dhana hiyo. Alfajiri, kabla daladala hazijaanza kugombea abiria, akina mama wenye fagio za chelewa huwa wamekwisha kuifagia Barabara ya Kenyatta mpaka kwenye kingo za mtaro, na kazi yao haizidiwi na gari dogo la kufyonza vumbi linalopita mtaani kwangu ugenini. Hata kufagia kwa zamu kupo kote kuwili: huku Tübingen, kibao hutundikwa mlangoni mwa mpangaji ambaye wiki hiyo ni zamu yake kusafisha ngazi na njia ya mbele ya jengo, utaratibu ambao aliyekulia nyumba ya kupanga ya Mabatini au Igogo hahitaji kuelezwa.

Tofauti huanza fagio likishawekwa chini. Tangu mwaka 2005 Ujerumani hairuhusu taka ghafi za majumbani kufukiwa dampo, hivyo kila kinachokusanywa lazima kiwe na pa kwenda: mabaki ya chakula yana pipa lake, karatasi zina lake, na siku ya gari la taka hujulikana kwa mwaka mzima. Kwetu Mwanza, taka zikishafika ghubani, yaani mahali pa mtaa pa kukusanyia taka, safari ya kwenda dampo la Buhongwa husubiri gari ambalo mkazi hajui litakuja lini. Maganda ya ndizi na mabaki ya samaki huoza hapo, mbwa na kunguru huyatawanya, na mvua ya vuli ikishuka kutoka milimani huyasomba yote hadi Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kumwaga ziwani, katika ziwa lilelile tunalotegemea kwa maji ya bomba. Kwa hiyo usafi wa jiji hili haupimwi kwa barabara zilizofagiwa, bali kwa ghuba kabla ya mvua.

Milimani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyumba zimejengwa katikati ya miamba ambako hata guta halifiki, na taka hushushwa katika viroba vichwani mwa watu. Mkazi anayedaiwa ada ya taka huku akizibeba mwenyewe mpaka barabarani ana haki kamili ya kuuliza analipia nini.

Sisemi tuige kila kitu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, Ujerumani ikafuata 2022, na kila muuza duka wa Mwanza anajua kudai chupa tupu kabla ya kutoa soda. Ninachotamani kuiga ni uthubutu wa halmashauri: Tübingen ilianza mwaka 2022 kutoza senti 50 kwa kila kikombe cha kutupwa, ikashtakiwa, na Mahakama ya Katiba ikaipa ushindi. Halmashauri zetu nazo zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Zianze na moja inayomlazimu mzabuni wa kuzoa taka kubandika ratiba ya kuzoa kila ghuba katika ofisi ya mtaa, asilipwe kwa wiki ambayo hakuzoa, na sehemu ya ada iwalipe vijana wanaoshusha taka kutoka milimani.