Mfereji Usioonekana Kwenye Matriksi

Mjerumani Carl Adam Petri alieleza mitandao yake, michoro ya mishale inayoonyesha jinsi mfumo unavyofanya kazi, katika tasnifu ya mwaka 1962: vituo vyenye kete, na matukio yanayozihamisha. Watetezi wa aljebra ya mstari wanasema muundo wote unaingia kwenye matriksi moja, yaani jedwali la namba: safumlalo kwa kila kituo, safuwima kwa kila tukio, na kila namba ikisema tukio linaongeza au kutoa kete ngapi kituoni. Nawaunga mkono, ila si bila sharti.

Chukua mtambo wa kumenya kahawa mbivu huko Kibosho, juu ya Moshi. Tuseme una mashine moja na matenki matatu ya kuvundikia. Kuanza kumenya kunachukua mashine huru na tenki tupu. Kumaliza kunaiachia mashine na kuacha tenki limejaa. Kuosha kunalirudisha tenki likiwa tupu. Jumlisha safumlalo za vituo vitatu, kumenya kunakoendelea, tenki tupu na tenki lililojaa: kila safuwima inatoa sifuri. Basi jumla ya kete hizo ni 3 daima, hata msimu uelemewe vipi, na hakuna aliyelazimika kufuatilia hali moja moja, yaani kila mpangilio wa kete. Faida hiyo si ndogo. Mwanasayansi wa kompyuta Ernst Mayr alithibitisha mwaka 1981 kwamba swali la kama hali fulani inafikika lina njia ya kulijibu, lakini mwaka 2021 ikathibitishwa kuwa gharama yake inaweza kukua kupita kiasi chochote cha vitendo.

Sasa ongeza maji. Kuosha kunahitaji mfereji uwe wazi, ila hakuumalizi: kete inachukuliwa na kurudishwa papo hapo. Toa moja, rudisha moja, safumlalo ya mfereji inabaki sifuri tupu. Mfereji ukifungwa, mlinganyo wa matriksi (kete za mwanzo, ukijumlisha mabadiliko ya kila tukio kwa idadi ya mara lilipotokea, ni kete za mwisho) bado unakubali matenki yaoshwe! Ukiligawa tukio kuwa kuanza kuosha na kumaliza kuosha, mlinganyo unakopa maji yasiyokuwepo kisha unayalipa.

Kwa hiyo matriksi ikisema "haiwezekani", iamini. Ikisema "inawezekana", kagua.

Wapo wanaoitupa kabisa kwa sababu hiyo, na hapo wanakosea. Mtandao wa Kibosho ni wa aina ambayo kila kituo kina tukio moja la kuingiza na moja la kutoa. Katika aina hiyo, kila mzunguko, yaani njia ya mishale inayorudi ilikoanzia, ukiwa na angalau kete moja, mlinganyo unasema kweli tupu. Mfereji uliofungwa ni mzunguko usio na kete, na kuutambua ni kazi ya kufuata mishale kwenye mchoro kabla ya kuandika namba yoyote.