Nikto: mbwa anayebwekea hata kivuli

Fundi wa tovuti hapa Lubumbashi akianza kujifunza mambo ya usalama, hakosi mtu wa kumwambia aanze na Nikto, programu ya kutafuta udhaifu kwenye tovuti. Hakosi pia wa kumcheka, na mara nyingi huyo amemtangulia mwaka mmoja tu. Wa kwanza anasema ni ya bure na inatosha, wa pili anasema ni ya kizee na ina kelele. Nimeitumia vya kutosha kuona kwamba wote wawili wamesema kweli, na bado hawajamsaidia huyo kijana.

Nikto ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Perl na Chris Sullo, na toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa 2001. Unaipa anwani ya tovuti, nayo inapita ikibisha hodi kwenye maelfu ya milango inayojulikana. Kuna phpinfo, ukurasa unaoanika mipangilio ya seva, iliyosahaulika? Kuna folda inayomwaga orodha ya vilivyomo? Apache, programu inayohudumia tovuti, imepitwa na wakati? Vidakuzi vimewekwa bila alama ya HttpOnly, inayozuia msimbo wa ukurasa kuvisoma? Kuvunja mlango si kazi yake. Inaandika tu ni mlango gani umeitika.

Majuzi niliipeleka kwenye tovuti ya shule moja ya mtaa wa Kampemba, nikiwa na ruhusa ya mkuu wa shule, Papa Prefe, yenye sahihi na muhuri. Muhuri huo si mapambo. Nchi hii ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu tarehe 13 Machi 2023, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Nikto nayo haijifichi hata kidogo: anwani yako inabaki kwenye kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari. Kwa mwenye karatasi mkononi, kelele hizo ni sifa. Msimamizi wa seva anaona nani alipita, saa ngapi, na alitafuta nini.

Dakika ya pili ikatoa kitu cha maana: phpinfo.php, wazi kwa dunia nzima, ikionyesha toleo la PHP, njia za mafaili na mipangilio yote. Aliyejenga tovuti aliiweka kujaribu kitu, akasahau. Mimi mwenyewe nisingeikumbuka. Kama Nikto ingekomea pale, ningeisifu bila masharti.

Haikukomea pale. Ikafuata mistari zaidi ya sitini: vitabu vya wageni vya enzi za CGI, teknolojia ya kale ya tovuti, kurasa za usimamizi za programu ambazo shule haijawahi kuzisikia. Hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Tovuti ile, ukiomba ukurasa usiopo, haikujibu 404, yaani "hakuna". Ilijibu 200, yaani "upo", kisha ikakupa ukurasa mzuri wenye habari za shule zinazobadilika kila mara. Nikto hujaribu kwanza kujifunza jinsi tovuti inavyosema "hakuna", lakini hapo ilichanganyikiwa. Papa Prefe, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliona mistari inashuka tu.

"Mwana, balisha kutuingilia?"

"Hapana, Papa. Inabwekea kivuli."

Kuna na gharama ambayo wanaosifu Nikto hawaitaji, kwa sababu wengi wao hawanunui mega. Ukaguzi kamili unapiga maombi kama elfu saba. Seva iko Ulaya, kwenda na kurudi ni sehemu tatu za kumi za sekunde, hivyo ukiyapanga moja baada ya jingine unakaa zaidi ya nusu saa. Ule ukurasa mzuri wa "hakuna" ulikuwa na kilobaiti 40. Zidisha mara elfu saba, mega 280 zimekwenda kukuambia kwamba kitu hakipo. Umeme wa SNEL ukikatika katikati na rauta ikazima, unaanza upya. Na kampuni ya seva ikikufungia anwani kwa fujo, huenda umewafungia na wengine, maana kwenye intaneti ya simu mara nyingi anwani moja inatumiwa na watu wengi.

Dawa zipo. Kwa chaguo la -Tuning unachagua aina ya majaribio, kwa -Pause unaipa pumzi. Mimi siku hizi nanakili tovuti kwenye laptopu na kuikagua humo. Seva yenyewe naigusa kwa majaribio machache tu. Rafiki zangu wananiambia nihamie ZAP, programu nyingine ya ukaguzi, ambayo inaweza kuingia kwa nywila na kutembea kurasa zote. Ni kweli ni pana zaidi. Lakini inataka Java na kumbukumbu ya kutosha, na laptopu nyingi za vijana wetu zina giga nne za kubahatisha. Nikto inataka Perl, ambayo kwenye Linux nyingi tayari ipo.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba unaweza kuifungua. Orodha ya majaribio ni faili la maandishi: mstari mmoja, jaribio moja, njia inayoombwa na jibu linalotarajiwa. Mwanafunzi akisoma mistari hamsini anaanza kuelewa tovuti zinavyosahaulika. Humo humo utauona uzee wake. Matoleo ya zamani, ambayo bado yanazunguka kwenye flashi zetu, yanakupa namba za OSVDB, hazina ya taarifa za udhaifu iliyofungwa mwaka 2016. Unatafuta maelezo, unakuta hakuna.

Wanaonikera ni wanaouza matokeo yake. Niliwahi kuonyeshwa "ukaguzi wa usalama" uliolipiwa kwa dola: matokeo ghafi ya Nikto, na nembo juu. Hakuna mstari hata mmoja uliokuwa umefunguliwa kwenye kivinjari kuthibitishwa. Hilo si kosa la programu, ila programu yenye kelele nyingi inamrahisishia mvivu aonekane amefanya kazi.

Nilipomaliza kupangua ile mistari ya shule, nilifungua kwa mkono ukurasa ambao wazazi wanasomea buletini. Kwenye anwani kulikuwa na namba 214. Nikaandika 215. Ikatokea buletini ya mtoto mwingine, jina, alama na nafasi darasani.

Papa Prefe alichukua ripoti niliyoichapa, akashusha miwani, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Hii iko mstari wa ngapi?"

"Haina mstari, Papa."