Gauni la Damu ya Mzee

Jumamosi nilipita kwa shemeji yangu Tabata kumrudishia masufuria yake ya shughuli. Uani nikamkuta binti wake wa kazi anamenya ndizi, amevaa gauni langu la sendoff. Sisemi linalofanana na langu. Ni langu: rangi ya damu ya mzee, shanga kifuani, lesi mikononi, ile sare tuliyochaguliwa mwaka 2019 na kamati ambayo mpaka leo hakuna anayekiri kuwa alikuwemo. Amelikaza kiunoni kwa kipande cha kanga kuukuu. Bega la kushoto limeporomoka mpaka karibu na kiwiko. Akimenya ndizi mbili anaweka kisu chini, anapandisha bega, anaokota kisu. Ndizi mbili, bega. Ndizi mbili, bega.

"Shikamoo anti."

Marahaba, mwanangu. Nikaacha masufuria, nikaaga, hata chai sikunywa.

Nilirudi nyumbani nimenuna, na wa kwanza kununiwa nilikuwa mimi mwenyewe, maana gauni lile halikuibwa. Mwezi wa nne nilijaza mifuko miwili ya shangazi kaja, nikamkabidhi shemeji, nikamwambia, "Gawa unavyoona." Nikaondoka pale najiona mwema kama mtu aliyechimbia kijiji kisima.

Habari ya kilo zangu mnaijua. Kutoka 109 mpaka 78, miezi 19. Na kabla hamjaanza kunijazia meseji: hakuna majani, hakuna chai ya kusafisha tumbo, hakuna namba ya dokta wa kuwapa. Nilisomewa kipimo cha sukari nikaogopa. Woga ndio dayati yangu, na hauuzwi.

Ila jamani, hapa kwetu ukipungua hupewi hongera, unapewa pole. Bodaboda wa pale kituoni aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama, ulilazwa?" Jirani mmoja akaanza kumsalimia mume wangu kwa sauti ya msibani. Wengine hawakuuliza, walipiga hesabu tu kichwani, na hesabu yenyewe naijua.

Mama yangu ndiye hakuificha. Yeye ni wa Bukoba. Mtu aliyekuwa na akili zake Kagera miaka ya themanini huwezi kumwambia kupungua ni habari njema. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa kule mwaka 1983, na kabla jina la hospitali halijafika vijijini watu walishaupa jina lao, Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ugonjwa ukaitwa kwa jina la nguo. Waganda nao wakauita Slim, yaani wembamba. Sasa mchukue mwanamke aliyeyaona hayo, umkalishe kwenye kitanda cha binti yake aliyekonda, mbele yake mifuko miwili ya magauni yanayotoka kabatini.

"Nguo zinazogawiwa ni za marehemu," alisema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachakura mfuko, akachomoa gauni moja la kitenge, la bluu, akalikunja taratibu akilipapasa mikono, akaenda kulitia kwenye sanduku lake mwenyewe. "Hili halitoki. Ukirudi utalikuta."

Ukirudi. Kana kwamba nimesafiri. Sikubishana naye, na hata nilipokuwa naandika hapa nimesimama kidogo.

Turudi kwenye gauni.

Ninachotaka kusema kitawaudhi baadhi yenu: nguo kubwa ni ya mtu mkubwa. Inaonekana rahisi sana, eti? Basi fungueni makabati mniambie nguo zenu mlizopungua mlizipeleka wapi. Kwa binti wa kazi. Kwa mke wa mlinzi. Kijijini, kwa "yeyote atakayezihitaji". Huyo yeyote hatujui ana kifua cha nchi ngapi. Tunajua tu kwamba hana hela, basi tunadhani umaskini nao una saizi, na saizi yenyewe ni ile tuliyoiacha sisi.

Wakati huohuo wanawake wanene wa mji huu hawana nguo. Nilikuwa mmoja wao miaka kumi na tano, hili sikulisikia kwa mtu. Ingia duka lolote Kariakoo uulizie gauni. Utaletewa kile kitu kinachoitwa fri saizi, ambacho mimi kilinitosha mkono mmoja. Muuzaji hakwambii haipo, anakwambia "hii inavutika mama", anaivuta mbele yako kwa mikono miwili kama anachuna mbuzi, na inavutika kweli, tena inaonyesha mpaka bei ya sidiria. Nenda Karume kwenye mitumba. Kijana anakupima kwa macho kuanzia miguuni, anasema, "Yako hiyo labda uangalie za wanaume." Nimevaa mashati ya wanaume ofisini miaka mingi, vifungo upande wa kulia, na mkuu wangu wa kazi akidhani ni mtindo.

Na kinachouma zaidi, nguo kubwa zipo. Zinashuka kwenye marobota, kutoka Marekani hasa, ambako mtu wa saizi 22 si kioja. Lakini ukitazama pembeni ya meza utamwona fundi na cherehani yake, kutwa nzima anapunguza. Zikipunguzwa zinauzika haraka, ndiyo biashara, siwalaumu. Ila maana yake ni kwamba gauni la mwanamke mnene limevuka bahari, limelipiwa ushuru, limefika mpaka mbele yake, na palepale linakatwa liwe la mwembamba. Halafu mimi nami, niliyeyajua yote haya mwilini mwangu, nakwenda kumtundikia saizi 22 binti wa kilo arobaini na tano.

Mtasema atapunguza. Haya, tuzungumzie kupunguza, maana wengi wenu fundi mnamjua kwa kumlaumu sikukuu ikifika.

Nilimpelekea fundi wangu magauni sita niliyotaka kubaki nayo. Akaligeuza la kwanza nje ndani, akanionyesha mshono wa ubavuni. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, kama nchi mbili kila upande. "Nilikuwekea akiba mama," alisema. "Ya kunenepa. Ya kupungua sikuiwaza." Ndipo akanieleza. Gauni lenye bitana na zipu huliingizi ubavuni tu ukamaliza. Ukiingiza ubavu, kwapa linashuka. Ukipandisha kwapa, mkono haukai. Ukifumua mkono unakuta bega lenyewe ni pana, inabidi likatwe, na shingo inafuata bega. Zipu itoke, bitana itoke. "Heri nishone jipya," akasema, na alikuwa hatanii. Bei yake ni shilingi 15,000 kwa gauni, na la shanga hataki hata kuliona kwa sababu zinamvunjia sindano.

Kwa hiyo nilipompa yule binti gauni nilimpa na deni la 15,000 ndani yake, au nilimpa kipande cha kanga cha kujifungia kiuno. Na anatakiwa ashukuru.

Kuna wanaosema uza. Uzeni. Kuna wanaosema weka, kilo zina tabia ya kurudi. Hili nakubali kwa shingo upande, kwa sababu zinarudi kweli na mama yangu ana sanduku la kuthibitisha. Ila kabati lililojaa nguo za mtu niliyekuwa linanitisha kuliko mizani. Nguo za ndani sizizungumzii. TBS, shirika letu la viwango, ilishapiga marufuku za mitumba, na wewe usiwe bandari bubu.

Kanga nazo hazimo kwenye ugomvi huu, Mungu azibariki, na madera vilevile. Doti niliyojifunga nikiwa na 109 ndiyo ninayojifunga leo, haikuniuliza kitu, inazunguka mara moja zaidi basi.

Sasa kwa nini tunamrukia binti wa kazi wakati mwanamke wa saizi yetu tunamwona kila Jumapili? Kwa sababu ya mdomo. Kumpa mnene mwenzio nguo zako ulizopungua ni kumwambia mambo mawili kwa mpigo: nimekuona ulivyo, na mimi nimetoka huko. Nilijaribu. Mwezi wa tano nilibeba mfuko mpaka mazoezi ya kwaya, kuna dada mmoja wa sauti ya pili, mwili wake ndio hasa niliouacha. Nikamfuata mbele za watu, mimi na akili zangu, nikasema, "Dada, hizi zitakukaa vizuri."

Kukawa kimya. Hata kinanda kilinyamaza.

"Asante," alisema. "Mimi nanunua zangu."

Na alikuwa na haki. Nililia kwenye daladala, kwa hasira zaidi kuliko aibu, halafu aibu ikashika zamu. Hapo ndipo nilipoelewa siri ya binti wa kazi. Tunampa yeye kwa sababu hawezi kutujibu "nanunua zangu". Tunamtafuta asiyeweza kukataa, tunamwita mhitaji.

Hata nchi zimo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019. Marekani ikatikisa AGOA, ule mpango wake wa kuruhusu bidhaa nyingi za Afrika ziingie kwake bila ushuru, na mmoja baada ya mwingine tukarudi nyuma tukikohoa. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo zake Marekani bila kulipa ushuru. Simtetei mtu hapa, nami nimevaa kafa Ulaya maisha yangu yote na sketi niliyovaa sasa hivi imetoka Karume. Nasema tu kwamba anayekupa nguo yake kuukuu huwa hapendi kabisa uikatae.

Yule dada wa kwaya nilimwomba radhi. Niliandika meseji, nikafuta, nikaandika tena. Nilimwambia nilikosea, na kwamba nina magauni sita saizi 22, bado mazima, sijui niyafanyeje, kama anamjua mtu. "Kama unamjua mtu." Wazee wetu hawakuwa wajinga walipoweka maneno ya kuzungukia. Siku tatu kimya. Siku ya nne akajibu kwamba kuna ndugu yake angependa kuyaona. Akaja mwenyewe, bila huyo ndugu, tukafunga mlango wa chumbani, akajaribu moja moja mbele ya kioo changu. Tulicheka mpaka mama akagonga. Akachukua manne. Mawili akayatupia kitandani.

"Haya hata bure siyataki. Ulikuwa unavaa hivi kweli?"

Nimevaa hivi kweli. Sare za harusi, dada yangu.

Basi juzi, nikiwa na moto wa haya yote kichwani, nikarudi Tabata kumaliza kazi. Nilikwenda na futi kamba na noti ya elfu ishirini mkononi, nimeshaongea na fundi, amekubali hata zile shanga kwa masharti. Binti alikuwa anafua, amevaa tisheti na kanga. Nikamwambia lete lile gauni tukakupunguzie, mimi ndiye nalipa.

Akafuta povu mikononi. Akatazama chini.

"Anti, naomba usilipunguze."

Kwa nini?

"Namwekea mama. Nikienda likizo mwezi wa kumi na mbili nampelekea. Siku ile nililivaa tu, nguo zangu zilikuwa kambani." Akaniangalia haraka, akaona aibu, akamalizia hivyohivyo. "Mama yangu yuko kama ulivyokuwa wewe zamani."

Miezi yote hiyo, na sikuwahi kumuuliza hata kama ana mama.

Nikairudisha futi kamba kwenye pochi. Elfu ishirini nikamwachia ya nauli. Alinisindikiza mpaka getini, akafungua komeo, akasita, halafu akauliza kama lile la kijani lenye mkanda bado lipo, maana na lile aliwahi kuniona nalo.