Trekta Halikuwa Zawadi

Naanza na kukiri. Ile video ya sekunde 19 inayozunguka kwenye magrupu ya Uru na Kibosho huku Kilimanjaro, hadi kwa Wachaga wa Mbezi kule Dar, ni ya kweli. Yule mtu juu ya trekta, mwenye bukta ya bluu na lapa moja, ni mimi. Lakini maneno aliyoandika chini yake rafiki yangu wa duka la spea, kwamba "Mangi kamwaga trekta kwenye sendofu, wenye wivu wajinyonge", huo ni uzushi. Sikumwaga trekta. Nilikuwa natafuta breki.

Mnaonifuata siku nyingi mnalijua hilo trekta, nimewachosha nalo tangu Oktoba. Kwa mliokuja juzi kwa ajili ya video: ni Massey Ferguson 35 la marehemu babu, lililoundwa Coventry, Uingereza, injini ya Perkins ya silinda tatu. Babu alilinunua mwaka 1977, likiwa limeshatumika. Baridi ya 1975 ilikuwa imeua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapaa dunia nzima, na huku mlimani watu wakaezeka bati hadi vyoo. Babu yeye akanunua trekta. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kina mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa kufikiria, kwa hiyo trekta lilikuwa linalima mahindi kule tambarare, kazi ikiisha linapanda kulala nyumbani kama ng'ombe. Babu alipoondoka likaegeshwa chini ya mti wa mringaringa. Kuku wakalirithi.

Mwaka huu nikasema nalifufua. Wiki sita, jamani. Nati zake ni za inchi, jambo nililolijua baada ya kuziharibu nne kwa spana za milimita. Ile namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi kwa kujiamini kabisa, unajiona fundi, ukikaza mkono spana inazunguka peke yake na nati inabaki duara kama gololi. Nikawa naloweka nati kwenye dizeli usiku, napiga msasa mchana, vumbi la kutu linaingia hadi kwenye chai. Mke wangu akasema ninanuka gereji hata nikitoka kanisani.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni waya wa kuzimia. Injini ya dizeli ya zamani haina habari na ufunguo. Ikishawaka, inajichoma yenyewe kwa mgandamizo, umeme haiuhitaji tena, kwa hiyo ukizungusha ufunguo ni kama umemkonyeza mtu aliyelala. Kuna waya unaouvuta pale kwenye usukani, unaikatia pampu dizeli, ndipo inanyamaza. Waya huo kwenye trekta la babu haukuwepo. Nikaenda Arusha mara mbili kuutafuta, kilomita kama 80 kwenda na nyingine kurudi, nikazunguka mtaa wa Unga Limited hadi mwenye duka mmoja akanikaribisha ugali. Sikuupata. Bibi aliponiuliza ninafuata nini Arusha nikamwambia rangi, maana niliona kumwelezea bibi wa miaka themanini na kitu mambo ya waya na pampu ni kumchosha bure.

Sasa hali ya trekta Jumamosi saa nane mchana ilikuwa hivi. Injini ipo. Usukani upo, una plei, yaani unazunguka bure, karibu nusu raundi. Rangi imekauka, nyekundu inayowaka, isipokuwa madigadi. Kiti kiko kwa fundi wa kuchomelea. Pedali za breki na klachi zipo, zinapendeza kweli, ila huko chini hazijaunganishwa na chochote. Kisafisha hewa kinaloweka kwenye beseni nyuma ya nyumba, kwa hiyo ubavuni mwa injini kulikuwa na tundu wazi la kuvutia hewa. Likumbukeni hilo tundu. Na ile swichi inayozuia trekta lisiwake likiwa kwenye gia ilikuwa imekufa siku nyingi, fundi akaipiga direkti. "Nyingine tutaweka Januari," akasema. Kila kitu kilikuwa cha Januari.

Mimi nilitaka kulisikia tu. Liungurume dakika moja, nirekodi, niwarushie. Na kwa kuwa nina akili za uzinduzi, nikalifunga utepe. Utepe huo niliuchukua kwenye mfuko wa mke wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kwa jirani yetu Baba Happy akipamba ukumbi wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao anayeolewa. Mweupe na dhahabu, yaani rangi za shughuli. Nikaupitisha kwenye boneti, mbele nikafunga ua kubwa. Naomba msinicheke bado, hatujafika.

Nikatoa upepo kwenye nozeli. Ya tatu ikanirushia dizeli usoni, nikajifuta na fulana, nikaivua fulana. Ufunguo ukagoma. Nikachukua bisibisi, nikasimama chini, mbele ya tairi la nyuma (watu wa usalama msinitukane, nimeshajitukana), nikapiga shoti kwenye stata.

Likawaka! Miaka yote hiyo chini ya mringaringa, likawaka kwenye jaribio la pili, moshi mweusi puuu, kuku wakapaa, na mimi nikarusha mikono juu kama niliyefunga goli. Nikiwa bado nimenyoosha mikono nikahisi lapa la kushoto linavutwa. Nikatazama chini. Tairi lilikuwa limelipanda lapa langu, taratibu, bila haraka. Nikachomoa mguu.

Lilikuwa kwenye gia.

Gia ya kwanza, ile nzito ya kulimia. Mwendo wake ni wa mtu anayemsindikiza mgeni: si wa kutisha, unaweza hata kupiga naye stori. Nikazunguka, nikalidandia kwa nyuma, nikakalia chuma kitupu palipotakiwa kuwa na kiti. Klachi: ikazama hadi chini kama mguu kwenye tope. Breki: vilevile. Gia nikaivuta kwa mikono miwili, meno yamebeba mzigo, haitoki. Mtaniuliza, koki ya dizeli je? Ilikuwa inavuja, nikaitoa, nikaunga mpira moja kwa moja. Januari.

Kwa hiyo nikabaki na usukani. Nikalilenga mringaringa, bora niukumbatie. Ile plei ikanisaliti, nikaukosa kwa upana wa kiganja. Nikaingia kwenye migomba. Migomba mitatu ikalala, trekta likapita kama mtu anayepita kwenye pazia. Kushoto kuna mfongo, ule mfereji wa maji, na shimo lake, kulia kuna ua wa masale wa Baba Happy. Na kwenye ua huo, kwa heshima ya wageni, walikuwa wamefyeka uwazi wa kupita magari.

Ndipo nikaingia kwenye sendofu.

Turubai lilikuwa limejaa. Wanaume suti, akina mama vitenge vya sare, upande wa bwana harusi wametoka Bukoba, wamekaa kwa utaratibu wao ule, na ndoo yao ya senene imewekwa mezani kwa fahari. MC alikuwa katikati ya sentensi. Akanyamaza. Watu wote wakageuka. Na walichokiona, jamani, si mwendawazimu asiye na shati. Walichokiona ni trekta jekundu linalong'aa, lina utepe mweupe na dhahabu, lina ua mbele, linaingia polepole kwa adabu.

"Wageni waalikwa!" MC akapata sauti. "Wageni waalikwa, upande wa nyumbani kuna jambo linaingia!"

Vigelegele. Naapa sijawahi kupigiwa vigelegele vya namna ile, hata siku ya harusi yangu. Watu wakasimama. Wakaachia njia katikati, vizuri kabisa, njia iliyonyooka hadi meza kuu.

Nikapiga kelele: "Ondokeni! Breki hamna!"

Injini inanguruma, MC kasikia neno moja. "Anasema hamna kama hili!" akawaambia watu. "Jamani, hamna?"

"Hamnaaa!" ukumbi ukaitikia.

"Breki!" nikalia. "Breki hamna!"

"Hamnaaa!"

"Bukoba mpo?" MC sasa amepanda mori. "Mmetuletea senene, tumeshukuru. Sisi tunajibu kwa chuma!"

Shangazi wa bibi harusi akavua viatu. Akaja mbele ya boneti akicheza kinyumenyume, mkononi kitambaa, ananipungia. Nikampungia aondoke. Akapunga. Nikapunga kwa mikono miwili, nikakumbuka nimeachia usukani, nikaudaka. Ukumbi ukashangilia, walidhani nacheza. Kulia nikasikia krrk, kiti cha plastiki kimepita chini ya tairi. Krrk, cha pili. Mzee mmoja akakivuta chake dakika ya mwisho, akaniinulia kofia. Nikapita karibu na mke wangu. Alikuwa ameshika utepe uliobaki. Akautazama ule wa mkononi, akautazama wa kwenye boneti. Uso ule sitaueleza, nyumba bado ninaihitaji.

Na mbele yangu, katikati ya meza kuu, mbuzi wa ndafu.

Kasimama wima kwenye sinia, mzima mzima, kachomwa vizuri rangi ya hudhurungi, majani mdomoni, ananitazama. Nawaombea msije mkatazamana na ndafu kwa mwendo ule. Ukiwa kasi unagonga, yanaisha. Mimi nilikuwa na muda wa kuhesabu majani mdomoni mwake. Matano. Nikaona mafuta yanavyochuruzika begani. Nikaona wapishi wawili nyuma yake, mmoja ana kisu, wanajiuliza kama hii ipo kwenye ratiba. Shangazi akagonga meza kwa mgongo, akasimama kucheza, kwa mara ya kwanza akanisoma midomo. Akasema, "Yesu wangu," akapita chini ya meza na kilemba chake.

Hapo ndipo Bibi alipoinuka.

Alikuwa kakaa na wazee, sahani ya stili mapajani. Hakukimbia, hapakuwa na haja. Kwanza alimimina pilau lake lote kwenye sahani ya mzee wa pembeni, mfupa akaubakisha, maana Bibi hafanyi mchezo na mfupa. Akaufunga kwenye leso. Kisha akaja, akatembea ubavuni mwa trekta sambamba kama mtu anayesindikiza, akainama, akapapasa kwa mkono wa kushoto, akalipata lile tundu. Akalifunika kwa sahani.

Tundu likainyonya, paa! Injini ikakohoa, ikatetemeka yote na mimi juu yake, ikakata.

Ua la utepe lilikuwa limemgusa ndafu kwenye pua.

Kimya. Mtoto mmoja akasema, "Tena!"

"Hii haizimwi kwa waya, baba," Bibi akaniambia, anaikung'uta sahani. "Waya ulikatika mwaka ule wa vita vya Amini. Babu yako alikuwa na kibao chake cha kuziba."

"Bibi, nimeenda Arusha mara mbili!"

"Ulisema unafuata rangi."

Na ile video inakata hapo, mimi nikishuka na lapa moja, nyuma ya bukta pamechorwa tako zima la rangi nyekundu ya madigadi.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Viti 11 nimelipa. Pipa la mbege lililomwagika nimelipa, japo kuna watu walilikinga kwa mabakuli na hawakuchangia. Jumapili alfajiri nilichuma jani la isale, nikaenda nalo kwa Baba Happy, nikaomba radhi kama tulivyofundishwa, akalipokea, akanisamehe huku amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Mke wangu ameanza kunijibu, kwa sasa ni "ndiyo" na "hapana".

Tatizo ni Bukoba. MC hakusahihisha. Baba Happy naye siku ile hakusahihisha, anasema alishindwa pa kuanzia, wakwe walikuwa wameshasimama kushukuru. Jana baba wa bwana harusi kapiga simu, mtu mwenye heshima zake, anauliza kama trekta litakuja kwa lori moja kwa moja au lipitie Mwanza lipande meli, na kama kadi imeshabadilishwa jina. Baba Happy kanirushia namba, kasema nimalizane naye mwenyewe.

Nimeandika ujumbe, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikamtumia maneno machache tu, kwamba mzee, shikamoo, lile trekta breki hamna.

Amejibu sasa hivi: "Marahaba. Hamna shida mwanangu, tutafunga huku."