Chanjo ya malaria: kumbukumbu ipo, muda haupo

Kila chanjo ya malaria inapotajwa, hakosi mtu wa kuuliza: mbona ya surua inamaliza kazi kwa dozi mbili, na hii mtoto anadungwa mara nne na bado anaumwa? Swali ni la haki. Majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S, yaliyofanyika katika nchi saba za Afrika kuanzia 2009 hadi 2014, Korogwe, Bagamoyo, Kilifi na Siaya zikiwamo, yalionyesha kuwa dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36 tu ndani ya miaka minne, kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17.

Lakini kuilinganisha na ya surua ni kuionea. Virusi vya surua huchukua siku kumi hivi tangu kuingia mwilini hadi mtoto aanze kuugua. Chembe za kumbukumbu zilizoachwa na chanjo hupata muda wa kutosha kuamka, kuzaliana na kumwaga kingamwili. Tena virusi hivyo havina ujanja wa kubadili sura. Peter Panum, daktari wa Denmark, alipofika visiwa vya Faroe wakati wa mlipuko wa 1846, alikuta wazee waliougua surua mwaka 1781 hawaguswi. Miaka 65, na mwili ulikuwa haujasahau.

Kimelea cha malaria hakitoi nafasi hiyo. Mbu akishauma, ndani ya saa chache tu vimelea viko kwenye ini, wakati chembe za kumbukumbu zinahitaji siku kadhaa kujipanga. Vikitoka kwenye ini baada ya wiki moja hivi kuingia kwenye damu, havina tena ile protini ambayo RTS,S na chanjo mwenzake, R21, zimeufundisha mwili kuitambua. Kwa hiyo kinga hutegemea zaidi kingamwili ambazo tayari zinazunguka kwenye damu siku mbu anapouma, na hizo hupungua mwaka hadi mwaka.

Kwenye damu ndiko kwenye hila zaidi. Plasmodium falciparum, aina mojawapo ya kimelea cha malaria, ina jeni 60 hivi ziitwazo var. Kila moja hutengeneza protini ya aina yake, inayojitokeza juu ya chembe nyekundu na kuifanya ing'ang'anie ukuta wa mshipa, isipite kwenye wengu ikachujwa. Kimelea hutumia moja kwa wakati mmoja. Mwili ukishaizoea, baadhi ya vimelea vimeshahamia nyingine, kama mwizi anayebadili shati kila polisi wanapotangaza rangi ya alilovaa. Ndiyo maana mtu mzima aliyekulia penye mbu wengi hupata homa kidogo akaendelea na shamba, na mtoto wa miaka miwili akapata degedege. Mtu mzima amekusanya kingamwili za aina nyingi kwa kuugua miaka mingi.

Na hapa wenye mashaka wana hoja nzito. Kilifi, watoto 447 walifuatiliwa miaka saba, baadhi wakiwa wamepata dozi tatu za RTS,S na wengine chanjo ya kichaa cha mbwa kwa ajili ya kulinganisha. Kinga ilikuwa asilimia 35.9 mwaka wa kwanza, ikashuka hadi 2.5 mwaka wa nne. Mwaka wa tano, kwa wanaoishi penye maambukizi mengi, waliochanjwa ndio waliougua zaidi. Inaelekea walikutana na vimelea vichache mapema, wakachelewa kukusanya kinga yao wenyewe.

Hoja naikubali. Ninachokikataa ni hitimisho kwamba heri mwili uachwe ujifunze wenyewe, kwa sababu hujifunza malaria kwa kuugua malaria, na wengi hufa kabla hawajajifunza: mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiofikisha miaka mitano. Kenya, Ghana na Malawi zilipoanza kuitumia RTS,S mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri husika, ukiacha vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13 katika maeneo yaliyoipata. Hata ile 36 inadanganya macho. Mahali mtoto anapougua tena na tena, ni kubwa: katika majaribio yale, kila watoto 1,000 waliopata dozi nne waliepushiwa malaria mara 1,774.

Kinachonitia wasiwasi ni dozi ya nne. Katika majaribio hayohayo, kinga dhidi ya malaria kali ilikuwa asilimia 32 kwa walioipata na 1 hivi kwa walioikosa. Kenya ilipoanza, ratiba ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi tatu za mwanzo huangukia kipindi ambacho mama bado anapeleka mtoto kliniki. Ya nne inakuja mtoto anakimbia uani, kadi imefungiwa kabatini, na zahanati iko mbali. R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, ni nafuu, dola 2 hadi 4 kwa dozi, lakini nayo inadai sindano nne. Wizara inayotangaza idadi ya watoto waliopata dozi ya kwanza bado haijatuambia wangapi wamelindwa.